Pua Yangu na Ulimi wa Mzee Kalisti

Aliyenitia kwenye kazi hii ya kuandika ni Neema wa zamu ya mchana. Wiki yangu ya mwisho alinikuta nikifuta glasi, akasema, "Shikamoo, Mzee Shomari. Hivi ni kweli miaka yote hiyo hujawahi kuonja hata tone?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia ndiyo, ni kweli. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanisihi niandike, kwa sababu vijana wanaoingia sasa wataambiwa kwamba mvinyo wa hotelini kwetu uliwahi kulindwa na mtu asiyekunywa, nao watadhani ni hadithi za wazee. Basi naandika. Nimestaafu, muda ninao, na mke wangu amechoka kuniona nikinusa masufuria yake.

Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kuondoka, na mhasibu anayajua hayo kuliko mimi.

Mimi ni mtoto wa Mchafukoge. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akichanganya udi wa kuuza pale uani, na sisi wajukuu tulikuwa watwangaji wake. Alikuwa na mchezo wa kutufunga macho kwa kanga, anatupitishia chungu puani, anauliza kimepungua nini. Anayekosa hapati kashata. Mimi nimekula kashata nyingi sana. Nikiangalia nyuma naona hiyo ndiyo elimu pekee iliyonifaa kazini, maana hotelini niliingia kwa kubeba vyombo vichafu, na kwa kazi hiyo hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi.

Hoteli yetu mnaijua, iko katikati ya mji, upande wa bandarini. Ukumbi wa kulia wa ghorofa ya mwisho wafanyakazi tuliuita Juu tu. "Leo uko wapi?" "Niko Juu." Huko ndiko walikokula wenye meli, wenye migodi, mawakili wao, na mabwana waliotoka kucheza gofu wakiwa bado na glavu moja imening'inia mfukoni. Walikula chaza na kamba wakubwa, wakavuta sigara nene kama mihogo, wakabishana kuhusu boti ya nani inakwenda kasi. Sisi tuliingia na kutoka kimya kimya.

Siku yangu ya kwanza Juu nilitumwa nipeleke chupa mezani. Nikaishika shingo, nikaenda nayo ikining'inia. Kabla sijafika nilihisi mkono mzito begani. Mtu mrefu mweusi, koti jeupe, kikombe bapa cha fedha kimening'inia kifuani kwa mnyororo, alinigeuza taratibu mpaka tukawa tumewapa wageni mgongo.

"Bwana mdogo," akaninong'oneza, "huyo si kuku unayempeleka kuchinjwa. Mkamate chini, mkono mwingine shingoni. Kama mtoto aliyelala."

Huyo ndiye Kalisti. Alikuwa mtu wa Masasi, na utotoni alitumikia misa kanisani kwao, kwa hiyo alipenda kusema kwamba mvinyo wake wa kwanza aliunywa akiwa na umri wa miaka minane, kwa siri, na padri alimtandika. Alitembea ukumbini vile vile alivyotembea altareni. Kile kikombe cha fedha aliachiwa na mzungu aliyekuwa mkuu wa mvinyo kabla yake. Kazi yake ilikuwa kuonja kila chupa kabla mgeni hajamiminiwa, na kuisemea. Wengi walikuja kula, lakini nusu yao walikuja kumsikiliza Kalisti.

Jinsi nilivyoingia kwenye chumba cha mvinyo ni hivi. Siku moja nilikuwa nafuta meza ya jikoni, chupa ikawa imefunguliwa pembeni yangu, inasubiri. Nikamwambia mpishi kwamba kitu hicho kimeharibika. Kalisti alikuwa mlangoni, akasikia.

"Umeionja?"

"Hapana, kaka. Mimi Muislamu."

"Sasa umejuaje?"

"Inanuka tambara la deki."

Akamimina kidogo kwenye kikombe chake, akaonja, akatema kwenye sinki. Akanitazama kwa muda kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui mwenyewe ni nani. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kwake.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mama alisusa kuongea nami siku nzima, akaja kuuliza usiku kama kweli kazi ya kufungua chupa za pombe ni kazi ya mtoto wake. Nilimwambia nafungua, sinywi. Ustadhi wetu wa mtaani naye aliniita, akanieleza kwa upole kwamba mwenye kuihudumia pombe naye ana sehemu yake kwenye dhambi. Sikubishana naye, maana kwa elimu yake alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na wadogo wanne wa kusomesha. Jambo hilo nimelibeba mpaka leo, na hesabu yake nitaitoa panapostahili. Nilichoweza kuahidi ni kwamba pombe haitagusa ulimi wangu, na ahadi hiyo nimeitunza.

Kwa hiyo tukawa wawili kwenye chupa moja. Mimi nafungua, nanusa kizibo, nanusa glasi. Mvinyo ukiwa mzima naweka kitambaa cheupe mkono wa kushoto. Ukiwa mbovu nakihamishia wa kulia. Kalisti ndiye aliyeupanga mpango huo. "Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula," alisema, "kwa hiyo nikiuona umefunikwa nitajua hakuna kula." Kisha yeye anaonja, anasema. Kulikuwa na sheria moja tu: pua haiupingi ulimi mbele ya meza. Tukitofautiana tunakutana nyuma ya pazia, tunagombana huko mpaka tukubaliane, tunarudi tukiwa na neno moja.

Tatizo lilikuwa maneno yenyewe. Vitabu vya mvinyo alivyoachiwa Kalisti vilijaa matunda ambayo hatujawahi kuyaona, maua ya nchi za baridi, misitu ya wenzetu. Mtu akikuambia kitu kinanuka tunda usilolijua, amekuambia nini? Ndipo Kalisti akaamua twende Kariakoo. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya zamu, tulikutana sokoni, enzi zile kabla soko halijaungua na kujengwa upya. Tulianzia Shimoni, kule chini kwenye matenga, tukanusa ndimu, zambarau, mafenesi, viazi vikiwa na udongo wake. Tukapanda kwenye iliki na mdalasini. Tukatoka nje kwenye tumbaku ya kutafuna. Mvinyo mweupe wenye uchachu tukauita Shimoni Kwenye Ndimu. Mwekundu mchanga tukauita Zambarau. Mwekundu wa miaka mingi ulitusumbua mpaka siku tulipokatiza Mchikichini, kwenye viatu vya mitumba, Kalisti akasimama ghafla.

"Shomari. Njoo hapa. Nusa hiki."

Kilikuwa kiatu cha ngozi cha mwanaume, kizee, kimepakwa rangi juzi. Nikakinusa. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Tukaanza kunusa safu nzima, kiatu kimoja baada ya kingine, mpaka muuzaji akashindwa kuvumilia.

"Oya wazee, mnanunua au mnakula? Maana mnanifukuzia wateja hapa."

Kalisti alinunua kile kiatu, upande mmoja tu alikuwa anautaka ila muuzaji akamlazimisha jozi. Kikakaa kabatini mwetu miaka mingi. Mezani yeye aliwaambia wageni kwamba mvinyo huu una harufu ya tandiko la farasi aliyetoka kupigwa brashi, nao wakafumba macho wakatikisa vichwa. Mimi nasimama nyuma na kitambaa changu, najua ni kile kiatu.

Siku ngumu zilikuwepo. Mvinyo haupendi joto, na Dar es Salaam haiulizi mtu anapenda nini. Mchana mmoja umeme ulikatika, jenereta ikakohoa ikanyamaza, na chumba cha mvinyo kikaanza kupanda joto huku jioni tukiwa na ugeni wa mabalozi. Kalisti alinituma Feri, kwa wauza samaki wa pale Magogoni, nikanunue barafu yote nitakayoweza kubeba. Nilirudi na mikokoteni miwili. Tulizizika chupa kwenye barafu, zikapona zote, ila zilinuka samaki changu kwa nje, na hakuna sabuni iliyosaidia. Balozi mmoja alinyanyua chupa, akainusa, akasema hajawahi kukutana na mvinyo unaoendana na samaki kiasi kile. Kalisti aliinamisha kichwa akasema, "Tuliuchagua makusudi, mheshimiwa." Nilikimbilia nyuma ya pazia nikang'ata kitambaa.

Wenye pesa niliwazoea. Yuko aliyechanganya mvinyo wa kuheshimika na soda nyeusi, na barafu, na mrija. Yuko aliyeagiza kwa kufuata urefu wa jina. Mwingine alikuwa akirudisha kila chupa ya kwanza, kila anapokuja, ili wageni wake waone kwamba anajua. Huyo Kalisti alimletea ile ile ya kwanza ikiwa imezungushiwa kitambaa kipya, na mara zote aliisifia. Wapo pia waliokula kwa adabu na kutuuliza habari za watoto, hao walikuwa wengi kuliko mnavyodhani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Masika moja Kalisti alishikwa na mafua mabaya. Alilala wiki mbili, akarudi amekonda, kila mtu akampa pole. Siku hizo alikuwa ameshakuwa Mzee Kalisti kwa watu wote. Jumamosi ya kwanza tulikwenda Kariakoo kama kawaida. Njia yetu ilipita kwenye papa wakavu, na kwa miaka yote ile Kalisti alikuwa akifika pale anaziba pua kwa leso, anaharakisha, analalamika kwamba watu wa pwani tunakula vitu vilivyokufa mara mbili. Ulikuwa utani wetu, na mimi nilikuwa nikipunguza mwendo makusudi ili ateseke. Siku hiyo alipita katikati ya papa taratibu, mikono nyuma, ananisimulia habari za binti yake. Leso ilibaki mfukoni.

Nilisimama. Yeye akaendelea hatua chache, akageuka.

"Vipi, umeona mdeni wako?"

"Hapana, mzee. Twende."

Sikumwambia kitu. Naye hakuniambia. Ukipoteza pua, ulimi unabaki na chumvi, sukari na uchachu tu. Mengine yote yanakwenda nayo. Kuanzia siku hiyo niliona jinsi anavyongoja. Zamani alikuwa akionja huku anamtazama mgeni. Sasa alionja huku anautazama mkono wangu, na kitambaa kikitua kushoto ndipo maneno yanaanza kutoka, mazuri kama zamani, ila yalikuwa yale yale ya mwaka uliopita. Nilianza kumnong'oneza mahali pa sokoni wakati nampa kikombe. "Zambarau." "Shimoni, ndimu." Akayapokea kana kwamba ni mazungumzo ya kawaida. Tukaishi hivyo miezi. Niliogopa sana kipindi kile, kwa sababu meneja wetu, Bi. Magreti, mwanamke makini asiyependa kitu kikae bure, alikuwa ameshasema waziwazi kwamba watu wawili kwenye chupa moja ni anasa. Akijua kwamba mmoja wao hasikii harufu, Kalisti angeondoka Juu siku hiyo hiyo. Na Juu ndiko alikokuwa Kalisti. Sikuweza kumfikiria mahali pengine.

Kisha akaja Mzee Sanga kula chakula cha mchana. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Makete aliyeanza na stoo ya mchele hapo Mchafukoge, mitaa miwili kutoka kwetu, na sasa alikuwa na maghorofa. Binti yake Upendo alikuwa amemaliza udaktari. Jumapili hiyo walitoka kanisani familia nzima wakaja Juu, mashangazi kwa wajomba, na Mzee Sanga amekumbatia chupa. Aliinunua kwenye safari yake ya kwanza ya Ulaya, Upendo akiwa bado shule ya msingi, akaapa kwamba ataifungua siku mtoto huyo atakapoitwa daktari. Aliwaonyesha watu wote. Alimwonyesha hata mlinzi wa mlangoni.

Nilinyoosha mkono niichukue nikaifungue. Akaivuta kwake.

"Hapana, kijana wangu. Hii nafungua mwenyewe."

Akatoa kizibuo chake mwenyewe, akafungua, watu wakapiga makofi. Kizibo akakitia mfukoni kama kumbukumbu. Halafu akammiminia Kalisti moja kwa moja kwenye kile kikombe cha fedha. "Wewe wa kwanza, Mzee Kalisti. Sema."

Nilikuwa upande wa pili wa meza. Sikuwa nimenusa kitu. Kalisti alinitafuta kwa macho, akaona kitambaa bado kiko begani, akaonja. Meza nzima ilikuwa inamsubiri. Bi. Magreti alikuwa amesimama ukutani.

"Umetulia, mzee," akasema Kalisti. "Umekomaa vizuri sana. Umemsubiri daktari wake."

Wakashangilia. Nikapewa chupa nimimine, nikaanza na Mama Upendo, na nilipoinama harufu ikanipiga. Gunia lililoloa. Mvinyo ulikuwa umekufa kitambo, umeuawa na kizibo chake. Kama ningenyamaza, yule mzee angeinua glasi ya siku aliyoingoja miaka yote akanywa uozo, na kila aliyekuwepo angejua baada ya kumeza. Kama ningesema, ningekuwa nimeupinga ulimi mbele ya meza, na ulimi wenyewe ungekwisha hapo, mbele ya meneja. Nilifanya kitu kimoja tu nilichofundishwa. Nilikiweka kitambaa mkono wa kulia, nikaendelea kusimama.

Kalisti alikiona. Angeweza kutazama pembeni. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo atazame pembeni, nakiri hivyo, maana nilimpenda yule mzee kuliko nilivyoipenda kazi.

"Mzee Sanga," akasema, "samahani. Weka glasi chini. Usinywe."

"Kuna nini?"

"Nimekudanganya. Mimi pua yangu ilikufa masika. Sisikii kitu. Nimesema umetulia kwa mazoea tu, kwa sababu nilitamani uwe umetulia. Mwenye pua ni huyu Shomari, na anasema umeharibika."

Mzee Sanga alinigeukia, uso umemwiva.

"Wewe umeuonja saa ngapi?"

"Sionji, mzee. Nanusa."

"Huonji! Na huyu hanusi!" Akawatazama watu wake kama anayetafuta shahidi. "Jamani, mimi nimekuja hoteli gani hii?"

Mama Upendo alikuwa ameshainua glasi yake puani. Aliishusha, akainusa tena, akaweka mkono mdomoni. Nikadhani analia.

"Baba Upendo," akasema. "Hebu nusa. Si ile stoo hii?"

"Stoo gani?"

"Yetu! Mwaka ule mvua iliingia, tukaanika magunia barabarani, Upendo nimemfunga mgongoni. Nusa, baba. Si yenyewe?"

Mzee Sanga akanusa. Alikaa na pua ndani ya glasi muda mrefu kuliko mnusaji yeyote niliyewahi kumwona. Alipoinua uso macho yalikuwa na maji. Akaipitisha glasi kwa Upendo, Upendo kwa wadogo zake, mkono kwa mkono, na kila mmoja akaambiwa anuse vizuri kwa sababu hapo ndipo alipolelewa. Watoto wakakunja pua, mashangazi wakacheka. Hakuna aliyekunywa. Kisha akamwita Kalisti karibu, akamwambia achague chupa nyingine, nzuri, "na safari hii mpatane nyote wawili kabla hamjasema kitu."

Msidhani yaliishia hapo. Kesho yake Bi. Magreti alituita ofisini. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia Kalisti kwamba anamheshimu, na kwamba kuanzia zamu inayofuata atahudumia kifungua kinywa chini. Mvinyo ubaki na Shomari. Kalisti alivua kikombe shingoni, akaniwekea mkononi, akatoka. Siku hiyo sikuweza kula.

Nilifanya kazi peke yangu Juu, na niwaambie ukweli, niliiharibu. Pua ilikuwa inajua kila kitu na mdomo haujui kitu. Wageni wananiuliza mvinyo ukoje, mimi natoka jasho. "Mzuri," nasema, naondoka. Bwana mmoja wa mahakamani akanikazania, anataka nimweleze hasa. Nikamjibu lililo kweli.

"Kiatu, mheshimiwa. Kiatu cha ngozi kilichovaliwa vizuri."

Akamwita meneja. Mwingine nilimwambia wake unatoka Shimoni, akauliza kama ni wa magendo. Haikupita muda Bi. Magreti akashuka mwenyewe ukumbi wa chini, akamkuta Kalisti anamhadithia Mjerumani mmoja habari za yai la kuchemsha, na Mjerumani amesahau kula. Akamwambia, "Mzee Kalisti, panda Juu. Rudini wote wawili, mnanimalizia wageni."

Nilimvisha kile kikombe mwenyewe. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, tukajifanya mnyororo ndio umekwama.

"Basi," akasema, "wewe huonji, mimi sinusi. Tukijumlishwa tunapata mhudumu mmoja. Usiumwe, Shomari."

Tulifanya hivyo mpaka alipostaafu. Hapakuwa na siri tena kati yetu. Namnong'oneza mahali, yeye anapageuza kuwa mashamba, mvua na farasi. Jumamosi tuliendelea kwenda Kariakoo, ila sasa mimi ndiye nilikuwa nasema. Namwekea iliki kiganjani, namwambia leo ni kavu, imekaa karibu na sabuni. Tukifika kwenye papa nasimama, namwelezea kwa kirefu mpaka anatoa leso na kuziba pua. Ule utani sikutaka ufe.

Baada ya yeye kustaafu na kuniachia kikombe nilijifunza kusema, kidogo kidogo, kwa kuiga sauti yake. Ninyi mliofika baadaye mlidhani ni yangu.

Siku mliyoniaga mlimleta Mzee Kalisti kutoka Kigamboni, anakoishi na binti yake. Alivuka na kivuko, koti jeupe ameliweka kwenye mfuko ili lisikunjike. Miguu imechoka na macho pia. Mlikuwa mmechanga mkanunua chupa, mkanipa niifungue. Nilinusa kizibo, nikanusa glasi, nikaweka kitambaa kushoto. Halafu nikakumbuka kwamba hakioni. Nikavua kikombe, nikammiminia, nikainama sikioni kwake.

"Zambarau," nikamwambia. "Za Shimoni. Zimelala kwenye tenga tangu jana, za chini zimepasuka. Iliki kwa mbali. Mwisho kabisa, Mchikichini, safu ya nyuma."

Akazungusha kikombe, akaonja, akafumba macho. Mlimsikia wenyewe. Aliusimulia mvinyo ule kuanzia mzabibu mpaka mezani, na Neema akawa anajifuta machozi. Mlipiga makofi, mkasema mzee bado ana ulimi wake. Sasa mmejua.

Mlipoanza kugawana keki nilikaa karibu naye.

"Ukoje kweli, mzee?"

"Maji," akasema. "Maji ya uvuguvugu, Shomari, kama siku zote."

Halafu akanishika mkono.

"Zile zambarau. Ulisema za chini zimepasuka?"

"Zimepasuka. Tenga limelowa."

"Limelowa," akasema, akasogeza sikio. "Ehe. Anza tena mwanzo, polepole."

Nikaanza tena.